Utingo wa Millennium Falcon

Chumba chetu cha hosteli kilikuwa na vitanda vinne na kompyuta moja, na Jumamosi ile usiku tulikuwa tunaangalia Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983 ambayo kila mmoja wetu alikuwa ameshaiona vipande vipande. Mwenzetu mmoja, kijana wa Nyeri aliyekuja kusoma Dar es Salaam, alikuwa kitanda cha juu, kajigeuzia ukutani. Filamu ikafika pale rubani Lando Calrissian anapokiendesha chombo cha anga kiitwacho Millennium Falcon kwenda kwenye vita vya mwisho, na kwenye kiti cha pili kakaa kiumbe mwenye masikio mapana, macho meusi tititi na mashavu yaliyoning'inia kama mifuko ya kaptura. Kiumbe akasema jambo. Lando akamjibu. Kijana wa Nyeri akaruka chini bila kugusa ngazi.

"Rudisha nyuma! Huyo anaongea Kikuyu!"

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Sisi watatu tuliobaki tulikuwa tunasikia sauti tu, kitu cha kuchekesha kinachotoka kinywani mwa kikaragosi. Yeye alikuwa anasikia mtu anaita watu: nyinyi nyote mlio huko, njooni hapa. Kuanzia dakika ile hakuwa na habari tena na Luke Skywalker, shujaa wa filamu. Baba na mwana walipigana kwa panga za mwanga, mfalme mwovu akatupwa shimoni, na mwenzetu alikuwa anauliza jambo moja tu: yule wa mashavu atarudi lini?

Jina la kiumbe yule ni Nien Nunb. Mwili wake ulichezeshwa na fundi wa vikaragosi Mike Quinn, na sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi upande wa San Francisco wakati filamu inatengenezwa. Mkenya yeyote akilisikia jina hilo atakwambia ni la Kikalenjin, kwa hiyo hapo tuna Mkalenjin aliyeketi mbele ya kipaza sauti huko California akazungumza lugha ya majirani zake wa nyumbani, na maneno yake yakatiwa kinywani mwa rubani msaidizi wa sayari isiyokuwepo.

Nimeishi na usiku ule kwa miaka, na kila nikikutana na mashabiki wa Star Wars naukuta ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Mmoja atakusimulia kwa saa nzima habari za rubani aliyeonekana kwa dakika mbili. Mwingine ana picha ya ukutani ya mtu anayekatiza tu kwenye ujia. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanabishana hadi sauti zinapanda kuhusu mtu aliyeketi meza ya nyuma kwenye baa ya Mos Eisley, ile ya viumbe wa kila aina katika filamu ya kwanza. Wasiowaelewa wanaona huo ni utoto. Mimi naona kuna jambo la maana hapo kuhusu namna binadamu anavyotazama hadithi, na maelezo yanayotolewa mara nyingi hayanitoshi.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria: steringi hafi. Ukishamtambua steringi, hofu yako yote imekwisha, kwa sababu hata akizingirwa na bunduki mia unajua atatoka. Ndiyo maana watoto wa kibandani kwetu hatukukaa tukimhofia steringi. Tulimhofia rafiki yake. Tulimhofia mzee wa duka, dereva wa teksi, yule askari mmoja mwema. Hao ndio waliokuwa na kitu cha kupoteza. Na mtafsiri wetu, bingwa wa kuingiza Kiswahili juu ya sauti za filamu kama walivyofanya kina Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya, alilijua hilo vizuri kuliko waandishi wa filamu zenyewe. Steringi akiwa kimya, yeye hakunyamaza. Alimpa maneno muuza matunda anayeonekana nyuma, akampa jina, akampa na deni analodaiwa mtaani. Ukumbi mzima ulicheka, kisha gari la majambazi lilipopita na kuusomba mkokoteni wa matunda, ukumbi mzima uliguna kwa uchungu. Mkokoteni ule ulikuwa umeshakuwa wa mtu tunayemfahamu.

Hilo ndilo jambo langu. Tunampenda mhusika wa pembeni kwa sababu anaonekana ana shughuli zake. Filamu haikuja kumwangalia yeye. Imemkuta yuko njiani, na yeye anaendelea na safari. Steringi anaishi kwa ajili ya hadithi. Mtu wa pembeni anaishi kwa ajili ya jambo lake ambalo sisi hatukuambiwa, na macho yetu, kwa sababu tumezoea kuishi katikati ya watu wenye mambo yao, yanamfuata bila kuombwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mtu mmoja katika The Empire Strikes Back, filamu ya pili, ya mwaka 1980. Mji wa mawinguni umetangaziwa hatari, watu wanakimbia. Katika msongamano ule anapita mwanamume mwenye nguo za kazi za rangi ya chungwa, mbio, kakumbatia kitu cheupe cha duara. Ukikitazama vizuri, na mashabiki walikitazama vizuri mno, ni mashine ya nyumbani ya kutengenezea aiskrimu. Hakuna anayemwita. Hasemi neno. Sekunde chache, kaondoka.

Sasa fikiria. Nyumba ikishika moto, mtu hutoka na nini? Mtoto, hati ya kiwanja, sanduku la pesa, picha ya marehemu mama. Yule bwana katoka na mashine ya aiskrimu. Ama filamu imekosea, ama kile si kitu cha aiskrimu bali ni kitu chenye thamani kuliko roho yake, na shabiki mwenye mapenzi hawezi kukubali kwamba filamu imekosea. Basi wakaanza kumtafutia sababu. Katika miaka ya 1990, mchezo wa karata wa Star Wars ulioanza mwaka 1995 ulikuwa unatoa majina kwa watu wengi wa namna hiyo, na yeye akawa Willrow Hood. Baadaye mashabiki wakaanza desturi kwenye mikutano yao mikubwa: wanavaa nguo za rangi ya chungwa, kila mmoja na mashine yake ya aiskrimu mkononi, wanakimbia pamoja kwenye kumbi na kupiga kelele za furaha. Na mwaka 2019, katika tamthilia ya The Mandalorian, chombo chenye umbo lilelile kikatokea kikiwa ni sanduku la kuhifadhia mali ya thamani. Ikachukua miaka karibu 40, lakini yule bwana alithibitishwa kwamba hakuwa mwendawazimu. Alikuwa anaokoa mali.

Mimi jambo hili hunigusa kila nikilikumbuka. Watu walimwona mtu anakimbia na kitu cha ajabu, wakakataa kuishia kumcheka tu. Wakasema lazima ana sababu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wako wanaosema mapenzi haya yalipandwa na wafanyabiashara. Kampuni ya Kenner ilipopata haki ya kutengeneza midoli ya Star Wars mwaka 1977, ilishindwa hata kuwahi Krismasi ya mwaka ule. Ikauza bahasha yenye cheti kwamba midoli itafika baadaye, na wazazi wakanunua. Ukishauza wahusika wakuu, Luke, Leia, Chewbacca na R2-D2, unahitaji sura nyingine, na baa ya Mos Eisley ilikuwa imejaa sura. Kenner ikawatoa wanywaji wa baa ile mmoja mmoja na kuwaandikia majina ya haraka haraka yaliyofuata maumbo yao, huyu kichwa cha nyundo, yule mtu wa pembe za baharini. Mmoja aliyeitwa Snaggletooth walimtengeneza kwa kufuata picha iliyomwonyesha nusu ya juu tu. Akatoka mrefu, wa bluu, kavaa mabuti, katika seti iliyouzwa na maduka ya Sears mwaka 1978. Ndipo ikagundulika kwamba yule wa kwenye filamu ni mfupi, mwenye nguo nyekundu, na miguu yake ni ya manyoya. Wakamrekebisha. Yule wa bluu aliyekosewa ndiye wakusanyaji wanaomtafuta leo.

Kwa hiyo ndiyo, biashara ilikuwepo tangu mwanzo. Lakini biashara haiwezi kueleza kwa nini mtoto, akiwa na Luke na adui wake Darth Vader mkononi, anamchukua yule wa meza ya nyuma na kumpa usukani wa chombo. Nami naamini jibu ni rahisi. Luke tayari ana hadithi, ukimchezesha unarudia. Yule wa meza ya nyuma hana, na ukimshika wewe ndiye mwandishi. Isitoshe, Willrow Hood hakuwa na mdoli wakati ule. Wake ulikuja miaka mingi baadaye, mapenzi yakiwa yameshakomaa. Hapo duka ndilo lililowafuata watu.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, na mafundi wake waliutengeneza ulimwengu ule makusudi ili uonekane umeshatumika. Vyombo vya anga vina masizi na viraka, roboti zimechubuka rangi. Kabla ya hapo, filamu nyingi za anga zilionyesha kuta nyeupe zinazong'aa kama hospitali iliyofunguliwa leo asubuhi. Kitu chenye kiraka kinakwambia kuna fundi. Meza yenye mikwaruzo inakwambia kuna wateja wa jana. Baa ile yenyewe iliunganishwa kwa shida: mtaalamu wa vinyago, Stuart Freeborn, aliugua kazi haijakamilika huko Uingereza, na mapema mwaka 1977 vijana wa Rick Baker wakatengeneza vinyago vya ziada na kupiga picha nyongeza Marekani. Hivyo viumbe wale hawafanani kwa sababu hawakutoka mkono mmoja. Ukiingia baa halisi ya mjini, ya kituo cha mabasi kwa mfano, unakuta hali hiyohiyo: kila mtu katoka kwake na safari yake, na hakuna aliyekuja hapo kukusubiri wewe uingie.

Tukiwa sekondari tulifundishwa kwamba wahusika ni wa aina mbili, bapa na duara, na mtihani ulitaka tumsifie yule wa duara na kumpita bapa kwa sentensi moja. Leo ningemletea mwalimu Wedge Antilles. Kwa kipimo chetu cha darasani Wedge ni bapa kabisa. Hana familia tunayoionyeshwa, hana mchumba, hana siri, habadiliki. Ni rubani. Katika vita vya kwanza dhidi ya Death Star, ile ngome yenye ukubwa wa mwezi, chombo chake kinapigwa, Luke anamwambia ajiondoe maana hawezi kusaidia tena, naye anaomba radhi na kuondoka. Hebu lisome tena hilo: anaomba radhi. Kanusurika kifo kwa upana wa kidole, na kinachomtoka mdomoni ni samahani kwamba amewaacha wenzake. Kwenye filamu ya pili anaangusha mnyama wa chuma kwenye theluji kwa kumzungushia kamba miguuni. Kwenye ya tatu anaingia ndani kabisa ya Death Star ya pili, anapiga shabaha yake, anatoka. Vita vitatu, na kila mara yumo katika wachache wanaorudi.

Denis Lawson, Mskoti aliyemwigiza, hakuwa hata na Wedge mzima mwanzoni: katika kikao cha marubani cha filamu ya 1977 sura ya Wedge ni ya mwigizaji mwingine, na sauti katika filamu ile iliingizwa na mtu wa tatu. Mhusika wa vipande vitatu! Na bado mashabiki walimwona ni mmoja, wakamshika, na kuanzia mwaka 1996 zikatoka riwaya zinazomweka yeye na kikosi chake mbele, kurasa mamia kwa mamia. Nimejiuliza ni kitu gani, na narudi kwenye ile samahani. Wengi wetu hatutakuwa Luke. Hakuna unabii uliotamka majina yetu. Tunachoweza kuwa ni yule anayefika kazini kila siku, anayefanya sehemu yake vizuri, na anayesikitika pale anaposhindwa kumsaidia mwenzake. Wedge ni wetu.

Kisa cha Boba Fett ni kingine, na hapo ndipo naona hatari ya mapenzi haya. Msaka watu kwa malipo yule alionekana hadharani kwanza katika gwaride la mji mdogo wa San Anselmo, California, Septemba 1978, akitembea na Darth Vader, filamu yake bado haijatoka. Mwaka 1979 Kenner ikawaambia watoto watume alama za ununuzi wa midoli minne wapate wa kwake kwa posta. Ulikuwa umetangazwa kuwa na roketi ya kufyatua mgongoni. Roketi ikaondolewa kabla mdoli haujatumwa, baada ya mtoto kufariki kwa kupaliwa na kombora la mdoli wa kampuni nyingine. Ile michache ya majaribio iliyobaki na roketi yake imeuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Watoto walikuwa wanamsubiri mtu wasiyemjua. Filamu ikafika mwaka 1980, na Boba Fett akasema mistari minne. Minne tu, katika filamu ya zaidi ya saa mbili. Kofia haivui. Silaha zake zina mikwaruzo, joho limechanika, na Darth Vader, anayewanyonga maofisa wake kwa hasira ndogo, anasimama mbele yake na kumwonya kwa kidole kama anayemjua tangu zamani. Wametoka wapi hawa wawili? Walishafanya kazi gani pamoja? Filamu haisemi.

Kimya kile kililea mapenzi ya miaka 20. Hata pale 1983 alipotumbukizwa kwenye mdomo wa mnyama wa jangwani kwa ajali ya kipuuzi, mashabiki hawakukubali. Vitabu na katuni vikamtoa shimoni. Na hatimaye, kuanzia Desemba 2021, akapewa tamthilia yake mwenyewe. Niliisubiri kama wengine. Niliiangalia yote. Na nasema kwa uchungu kwamba kadiri nilivyoelezwa zaidi ndivyo alivyonipungukia. Kofia ilivuliwa, akazungumza sana, akaeleza sababu zake. Temuera Morrison ni mwigizaji mzuri na sina neno naye. Tatizo ni kwamba nafasi ile ya wazi, ambayo kila mtoto aliijaza kivyake, ilijazwa mara moja kwa ajili ya wote, ikafungwa.

Wenye studio hawajalielewa hili vya kutosha. Wanadhani shabiki anayeuliza "huyu ni nani?" anataka jibu. Mara nyingi anataka ruhusa ya kuendelea kuuliza. Mwaka 2014, miaka miwili baada ya Disney kuinunua Lucasfilm, kampuni ya filamu hizi, kwa takriban dola bilioni 4, ilitangazwa kwamba riwaya na katuni za miaka yote ya nyuma si sehemu ya hadithi rasmi tena. Ulimwengu mzima wa watu wa pembeni, na majina yao na ndoa zao na vifo vyao, ukawekwa kabatini kwa tamko moja. Watu walilia, na sikuona sababu ya kuwacheka.

Hata hivyo kuna mara moja walipopatia, tena kwa kiwango cha kunitoa machozi. Filamu ya kwanza ya 1977 inaanza na maandishi yanayopanda juu, na humo mna taarifa kwamba majasusi wa waasi wamefanikiwa kuiba ramani za siri za Death Star. Majasusi. Bila jina, bila idadi. Mwaka 2016 Rogue One ikawageukia hao, ikatueleza waliyoyafanya, na kila mmoja wao akafa kabla maandishi yale hayajaanza kupanda. Humo pia marubani wawili wa pembeni wa filamu ya 1977 walirudi kwa picha zilizobaki za wakati ule: sura zilezile, ujana uleule. Mmoja wao, Drewe Henley, aliyekuwa kiongozi wa kikosi chekundu, alifariki mapema mwaka huohuo wa 2016, miezi kama kumi kabla hajarudi kwenye skrini. Tofauti na Boba Fett ni kwamba Rogue One haikuwapandisha watu hawa kuwa steringi. Iliwaacha na kazi yao na mwisho wao, ikasogeza kamera tu.

Na kuna mashabiki waliokwenda mbali kuliko kupenda. Mwaka 1997 huko South Carolina kilianzishwa kikundi cha watu wanaojitengenezea mavazi meupe ya wale askari wa dola ya mfalme mwovu, wasio na uso wala jina, wale ambao mmoja wao alijigonga kichwa kwenye mlango katika filamu ya kwanza na hakuna aliyekata kipande kile. Kinaitwa 501st Legion, kimeenea dunia nzima, na wanachama wake hutembelea watoto waliolazwa hospitalini na kuchangisha fedha za misaada. Walipokuwa wanapiga picha za sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa The Mandalorian, mavazi ya askari hayakutosha, basi wakaitwa watu wa 501st waje na ya kwao. Wakaja. Walisimama mstari wa nyuma, kofia usoni, hakuna mtazamaji anayeweza kusema yupi ni yupi, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa siku kubwa ya maisha. Hapa maelezo yote ya biashara yanaishia. Mtu aliyepewa nafasi ya kuingia kwenye hadithi aliyoipenda tangu utotoni kaenda kusimama nyuma, na karidhika.

Lakini siwezi kuandika haya yote nikamwacha Kipsang Rotich pale mbele ya kipaza sauti. Jina lake halimo katika orodha inayopita mwishoni mwa filamu ya 1983. Msanifu wa sauti wa Star Wars, Ben Burtt, alikuwa na mbinu yake ya kupata lugha za viumbe: alitafuta lugha halisi ambazo watazamaji wa Marekani hawakuzizoea, akazichukua mlio wake. Kiumbe wa kijani anayeuawa kwenye baa ya Mos Eisley alipewa mlio wa Kikechua cha milima ya Andes. Wale wafupi wenye majoho wanaookota vyuma jangwani, Kizulu kilichoharakishwa. Wale wa manyoya wa msituni, Kikalmyk cha huko Urusi. Kama ufundi wa sauti, ni kazi ya hali ya juu, na sauti zile zina uhai kwa sababu ni za watu. Ila tuseme na upande wa pili: ili mbinu ifanye kazi, lazima kuwe na watazamaji wanaohesabiwa na wasiohesabiwa. Kikuyu kinakuwa lugha ya sayari nyingine pale tu unapoamini kwamba ukumbini hakuna Mkikuyu.

Mwenzetu wa Nyeri alikuwa ukumbini. Ndipo ule mgawanyo wa mbele na nyuma ulipopinduka mbele ya macho yetu. Kwa watazamaji wengine wote duniani Lando ndiye anaeleweka na Nien Nunb ndiye mlio. Kwake yeye, katika chombo kile aliyekuwa anasema kitu kinachoeleweka bila tafsiri alikuwa Nien Nunb. Na ukilirudia tukio lile ukiwa unajua hivyo, unaona jambo lililokuwepo siku zote: Lando anagundua kwamba adui anajua wanakuja kutokana na taarifa anayopewa na msaidizi wake. Yule wa mashavu ndiye aliyekuwa anasoma mitambo. Kama utingo wa lori la masafa, yeye ndiye aliyesikia tairi linalia kabla ya dereva. Halafu wakaingia pamoja ndani ya Death Star, wao wawili na Wedge, wakailipua, Luke akiwa hata hana habari ya walipofikia. Hebu tafakari: ngome ya pili ililipuliwa na mtu aliyeingia hadithini katikati, rubani wa sura mbili na utingo anayesema Kikuyu.

Mwaka 2015 Rotich aliitwa tena. Nien Nunb alirudi katika The Force Awakens, Mike Quinn ndani ya vazi na sauti ileile ya mwaka 1983, na filamu hiyohiyo ilikuwa na Lupita Nyong'o akiwa Maz Kanata, mwenye baa wa miaka zaidi ya elfu. Wakenya wawili katika filamu moja, na nyuso zao wote wawili hazionekani. Huo nao ni mjadala wa siku nyingine, na nina mengi ya kusema juu yake.

Usiku ule wa hosteli, saa zikiwa zimekwenda, kijana wa Nyeri alimpigia mama yake simu. Tulimkataza, ilikuwa karibu saa sita. Akapiga. Akamwambia mama asikilize, akaisogeza simu kwenye spika ya kompyuta, tukamwekea kile kipande mara mbili. Upande wa pili kukawa kimya, kisha mama akazungumza, na mwenzetu akaanza kucheka hadi akakaa sakafuni. Tukamuuliza amesema nini.

"Anauliza, huyo anayeita watu usiku huu ni mtoto wa nani, na wameshafika?"